Mtoto Aliyeamka Saa Nane Kamili

Hapana, mjukuu wangu hakuwa na jini. Wewe uliyeuliza, subiri kwanza nikuelezee, maana hata mimi nilishaanza kuamini.

Mtoto wa miezi saba. Saa nane usiku, kilio. Saa kumi, kilio. Kila siku, utadhani kaajiriwa.

Na wa kumtuliza nilikuwa mimi tu.

Namweka begani, natembea naye taratibu, namvumia kooni, mmm, mmm, mpaka shingo ilegee. Hapo usikurupuke kumlaza! Ngoja pumzi zishuke. Tanguliza makalio, kichwa mwisho, mkono uache kifuani kidogo.

Basi nikavimba kichwa, mzee mzima. Asubuhi namrushia mkwe wangu maneno.

"Mama gani wewe, mtoto hatulii kwako?"

"Nimechoka, baba. Nikishaamka, usingizi haurudi."

"Umechoka! Na mimi na uzee huu?"

Anakwenda zake kiwandani kushona mashati.

Siku moja akasinzia kwenye cherehani. Sindano ikatoboa kidole, shati likalowa damu. Wakamfukuza kazi.

Mwanangu naye, kichwa kimejaa maneno yangu, akamwambia mkewe nenda kwenu ukafundishwe kulea. Mkwe akabeba mtoto, akaondoka.

Wiki ya pili mwanangu akampigia simu mama mkwe wake.

"Mama, mtoto analalaje huko?"

"Analala mpaka jua linatoka. Kwani huko mnamfanya nini?"

Usiku ule mwanangu akakaa gizani koridoni. Saa nane akawasha taa.

Akanikuta mlangoni pa chumba chao, tochi mkononi, natikisa kitasa.

"Baba, unafanya nini?"

"Nakagua."

"Unakagua nini?"

Hapo ndipo nikazinduka usingizini, kitasa bado mkononi.

Nimelinda ghala miaka ishirini na sita. Saa nane unazunguka, unatikisa kila kufuli, unamulika kila dirisha. Saa kumi tena. Nimestaafu mimi, miguu haikupewa taarifa.

Nilidhani kilio ndicho kinaniamsha. Kumbe namwamsha mwenyewe, namtuliza mwenyewe, halafu najisifu.

Nikaenda kwao kuomba radhi. Mkwe akanisikiliza mpaka mwisho, kidole bado kina bandeji.

"Sawa, baba. Na kazi yangu utanirudishia?"



Karudi, lakini kwa ajili ya mtoto. Alinieleza hivyo hivyo, bila kuzunguka. Mimi nimehamia chumba cha uani, na mlango wanafunga kwa nje, nilitaka mwenyewe.

Mzee mwenzangu, kabla hujamwambia mama wa watu hajui kulea, jiulize usiku wewe unafanya nini humo ndani.

Jana tulikaa wote mezani, mara ya kwanza tangu arudi. Mkwe alinipakulia mimi kwanza, kwa heshima zote, sahani kwa mikono miwili.

Usoni hakuniangalia.

Tukala.