Sauti ya Asmani kwenye Sinema

Asmani Radjabu alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Waswahili pale Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, na kabla ya uhuru alijulikana kwa kanzu zake tu. Sifa ya mdomo ilimjia baadaye, mwaka 1964, gari la sinema lilipoanza kushuka kutoka Bujumbura kila baada ya miezi michache. Sinema zilisema Kifaransa. Roger, kijana wa mjini aliyeendesha gari na mashine, alihitaji mtu wa kusimama kando ya shuka jeupe na kuwageuzia watu maneno kwa Kiswahili. Asmani alikuwa ameokota Kifaransa cha kazi alipokuwa akipima mawese kwenye ghala la Mbelgiji mmoja, nacho kilikuwa na matundu mengi. Lakini sauti yake ilikuwa nzito, na mahali alipokosa neno hakunyamaza. Aliweka la kwake.

Watu walimpenda kwa hilo. Sinema ya kufundisha kunawa mikono aliigeuza ikawa kisa cha mkwe mchafu, wavuvi wakacheka hadi machozi. Roger akamwambia aendelee vivyo hivyo. Mkewe Mwasiti ndiye hakupendezwa. Alisema mtu anayewasemea wengine kila siku mwisho husahau yeye mwenyewe anasema nini. Asmani alimjibu kwamba fundi hushona kwa kipimo cha mteja.

Mtoto wao mmoja tu ndiye aliyekuwa hai, Kulthumu, msichana wa miaka kumi na sita. Alikuwa amesoma kwa masista mpaka darasa la sita, jambo ambalo majirani walilinung'unikia na Asmani akalitetea. Alimpenda binti yake kama wanaume wengi wa wakati ule: alimshonea gauni kila Idi, na hakuzungumza naye sana.

Mwaka uliofuata Roger alileta sinema mpya ya mafundisho. Ilihusu msichana wa shule aliyepata mimba. Mwanzoni kulikuwa na kijana mwenye baiskeli na shati safi. Alimpakia msichana, akacheka naye kando ya mto, kisha hakuonekana tena. Baada ya hapo msichana alikuwa peke yake, akitapika nyuma ya nyumba, akijifunga kitambaa tumboni, na hatimaye akisimama mbele ya baba yake. Yule kijana watu walimpigia miluzi ya kumsifu. Msichana walimzomea.

Baba wa kwenye sinema alikuwa ameketi. Alitazama chini, midomo yake ikasogea kidogo. Asmani hakusikia alichosema, maana mota ya umeme ilikuwa ikinguruma na uwanja mzima ukipiga kelele. Ila aliona nyuso zikimgeukia, zikingoja. Akavuta pumzi.

"Toka nyumbani kwangu," alisema kwa sauti yake yote. "Tumbo hilo ni kaburi la jina langu. Ukifa huko uendako, nisiitwe kukuzika."

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Mama mmoja alimfinya binti yake, akamwambia asikie vizuri. Picha ilipomwonyesha msichana akitembea barabarani na mfuko mkononi, ilikuwa kana kwamba maneno ya Asmani ndiyo yaliyomsukuma. Siku zilizofuata watoto waliyarudia sokoni, na msichana yeyote aliyenenepa kidogo akaitwa "wa sinema".

Kulthumu alikuwa ameketi siku ile kwenye mkeka wa mama yake, naye alikuwa na mimba changa. Aliyempa mimba alikuwa Swedi, mtoto wa muuza vitambaa, na muuza vitambaa huyo alikuwa amekwisha kumvusha ziwa kwenda Uvira, upande wa Kongo, eti akajifunze biashara.

Wiki haikuisha kabla Mwasiti hajaamka na kukuta kitanda cha binti yake kitupu. Kulthumu alikuwa amepanda lori la mawese hadi Nyanza-Lac, kwa Batuli, dada yake Asmani. Batuli alituma salamu kwa dereva: mtoto iko kwake, iko na mimba, wasimfuate kwa hasira.

Asmani alikasirika, kisha akakaa kwenye cherehani siku nzima bila kushona. Alimwambia mkewe kwamba kilichomuuma hakikuwa mimba. Mimba zilikuwepo kabla ya sinema. Kilichomuuma ni kwamba mtoto hakumwambia.

Mwasiti alisema mtoto hakuwa na haja ya kumwambia, kwani alikwisha kujibiwa mbele ya Rumonge nzima.

Hapo ndipo Asmani alipokwenda Nyanza-Lac. Batuli alimkaribisha uani, alipokuwa akichemsha ngazi, yaani chikichi za kukamulia mawese. Kulthumu akaja, akachuchumaa mbali kidogo, akamwamkia kwa adabu. Asmani alisema aliyoyaandaa njiani: arudi nyumbani, hakuna atakayemfukuza, na yale yalikuwa mambo ya sinema tu.

"Baba, sinema ilikuwa ya Kifaransa," Kulthumu alisema. "Maneno yalikuwa yako."

"Nilisema aliyoyasema yule mzee."

"Hakusema vile. Spika ilikuwa upande wetu, mimi nilisikia. Alimuuliza mutoto wake, 'Umekula leo?' Hiyo tu. Na ule mufuko, alikuwa anaenda kwa bibi yake kuzaa."

Asmani alikunywa maji aliyopewa, akarudi Rumonge peke yake.

Sinema ile ilipoletwa tena, alisimama mahali pake kando ya shuka. Ilipofika zamu ya baba kusema, akasema taratibu, "Umekula leo?" Watu walicheka, kisha wakadai maneno ya zamani. Mzee mmoja wa mtaa, Abasi, alisema Asmani amelainika kwa sababu ya yaliyo kwake, na kwa njia hiyo wasiojua wakajua. Asmani aliendelea. Mwishoni aliongeza neno moja la kwake: kwamba yule mvulana wa baiskeli amekwenda wapi, sinema haisemi. Muuza vitambaa alisimama, akabeba kiti chake, akaondoka.

Tangu hapo Asmani hakupata kazi ya kushona kutoka dukani kwake. Roger alitafuta mtu mwingine wa kugeuza, naye alitumia maneno yale yale ya mwanzo kwa kuwa watu walikuwa wakiyajua. Msafiri mmoja alimsimulia Asmani, kama kwa kumpongeza, kwamba ameyasikia hata Kabezi, karibu na Bujumbura.

Kulthumu alizaa msichana, akamwita Esha. Mwasiti alikwenda kumuuguza; Asmani hakuitwa. Baadaye alikuwa akienda mara kwa mara na vigauni alivyoshona, Kulthumu akavipokea, akamshukuru kwa Kirundi, murakoze, baba, na kumpikia. Kurudi Rumonge hakutaka.

Ukaja mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili mauaji yalianza pale ufukweni, na baada yake yakaja mengine, watu wakichukuliwa na askari majumbani, wasirudi. Asmani na Mwasiti walivuka ziwa kwa mtumbwi mpaka upande wa Kongo, cherehani wakaiacha. Huko Nyanza-Lac, Batuli na Kulthumu walimshika Esha mkono wakatembea hadi Tanzania. Miezi ikapita, wa huku wasijue wa kule kama wako hai. Mwasiti alishikwa na homa, akafa akiuliza habari za binti yake, akazikwa karibu na mji wa Baraka.

Mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani, ndiye aliyemletea Asmani habari kwamba Kulthumu yuko Ujiji, anauza maandazi. Asmani akavuka ziwa. Esha alimfungulia mlango na hakumtambua upesi, kwa jinsi alivyokonda. Kulthumu akatoka na unga mikononi, akatazama nyuma ya baba yake kumtafuta mama.

"Mama yako tumemzika," Asmani alisema.

Kulthumu akaketi kizingitini. Alilia muda mrefu. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa gauni. "Ingia, baba," alisema.

Asmani alikaa humo, akishona kwa mkono nguo za majirani. Walipouliza baba wa Esha ni nani, Kulthumu aliwaambia wazi: Swedi, wa Rumonge. Asmani alikuwa akisikia, naye akasema ndiyo, ni kweli. Binti yake alimheshimu, akamtengea chakula kabla ya wengine. Lakini siku Esha alipovunja kitu na babu yake akaanza kupandisha sauti, Kulthumu aliacha kazi aliyokuwa akifanya, akamwita mtoto chumbani, akafunga mlango.