Bibi Amegoma Kushinda

Leo bibi yangu ameshinda mchezo wangu, halafu akaukataa ushindi.

Miezi minane nachora huu ubao wa wachezaji wanne. Ni shamba la mkonge karibu na Mingoyo, enzi za Mwingereza. Njia zimefichwa chini ya kadi. Unafunua moja moja ukitafuta pa kutorokea, na wa kwanza kutoka ndiye mshindi.

Mchana tumeujaribu hapa nyumbani, Mtanda. Kete ya bibi ikafika mlango wa kutokea shambani kabla ya zetu sote.

Akaigeuza, akairudisha ndani ya shamba.

“Bibi, toka! Umeshinda!”

“Nitoke nimwache nani?”

Tukacheka. Yeye hakucheka.

“Tulitoroka kambi ya mkonge, mimi na dada yangu Somoe. Nilikuwa mdogo. Nikaiona njia, nikakimbia. Nilidhani yuko nyuma yangu.”

Jina hilo sikuwahi kulisikia. Hata mama, ambaye ni mwanawe wa kumzaa, alikuwa ameduwaa.

“Akapatikana?” mama akauliza.

“Cheza, mwanangu. Zamu yako.”

Basi nimeifuta kanuni ya ushindi. Sasa hatoki mtu mpaka wote wanne wafike mlangoni, yaani kadi zote nazichora upya.

Nimechoka, jamani. Lakini ningemwambia nini?