Siku Sukari Ilipokuja Nateete

Sisi tuliokulia Nateete ilipokuwa bado mji mdogo wa pembeni, kabla Kampala haijaumeza, tunatambuana upesi. Taja tu fenesi lililopasuliwa juani, au moshi wa mihogo ya kuchoma mbele ya maduka, na mwenzako ataanza kutabasamu. Nyuma ya maduka palikuwa na migomba, nyuma ya migomba kinamasi cha mafunjo, na jioni vyura walipiga kelele kuliko watu. Tulicheza kwepena katikati ya barabara, tukirushiana mpira wa majani makavu ya mgomba na kuukwepa. Gari likija tulilisikia tangu likiwa mbali. Tulisogea, likapita, tukarudi.

Wadogo zetu wa leo wakikosa soda wanasema wana shida. Sisi tulifua kwa majani ya mpapai sabuni ilipopotea, na chumvi tuligawana na majirani kwa kijiko. Lakini sukari ndiyo iliyotutoa mbio. Gunia moja likishuka dukani, habari ilipita baraza hadi baraza, na kila nyumba ikatoa kopo.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, Mkenya aliyekuja Uganda kutafuta kazi akiwa kijana. Mama alikuwa Mteso, kabila la mashariki mwa Uganda. Lugha waliyokutania ilikuwa Kiswahili, kwa hiyo ndicho tulichozungumza nyumbani. Jambo hilo hunisumbua mpaka leo, maana wakati ule wa utawala wa kijeshi Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi. Mtu akikisikia nyuma yake njiani, alinyamaza na kuongeza mwendo. Sisi tulibembelezwa tulale kwa lugha iliyowanyima wenzetu usingizi. Mama alikuwa akituonya, "Mkivuka mlango, Kiganda. Kiswahili kibaki na masufuria."

Jirani mmoja tu alikuja kwetu kukizungumza kwa hiari. Huyo alikuwa Nnaalongo, yaani mama wa mapacha kwa Kiganda, na jina lake jingine sikuwahi kulijua. Alikuwa mnene, mcheshi, na Kiswahili chake kilijaa l mahali pa r. Alibisha hodi na kujikaribisha mwenyewe: "Kalibu, Nnaalongo! Habali ya hapa?"

"Nnaalongo," Baba alimtania, "hizo r zako umemuuzia nani?"

"Nimezificha, Fundi. Siku hizi kila kitu kizuri kinafichwa."

Kisha kikaja kipindi ambacho Wakenya walianza kutafutwa. Wengine walichukuliwa, na waliochukuliwa hawakurudi. Hakuna aliyetueleza sisi watoto, ila niliona Baba amesogeza cherehani kutoka barazani hadi karibu na mlango wa nyuma. Nyumba ya Nnaalongo ilikuwa kwenye kona, na kutoka kwake barabara yote ilionekana. Wakapatana kwamba akiona wanajeshi atapiga kelele, na Baba atatokea nyuma na kuingia kwenye migomba.

Alasiri moja cherehani ilikuwa ikinguruma, nami nilikuwa nimekaa sakafuni nikiokota vifungo. Sauti ya Nnaalongo ikaja kutoka konani: "Asikali! Mama, asikali!"

Sisi tukasikia sukali.

Mama alinyakua makopo mawili, moja akamtupia Baba, kwa sababu dukani walipima kwa kila mtu mzima aliyesimama pale. "Haraka, Baba Watoto, kabla haijaisha!" Baba akaacha gauni la watu chini ya sindano. Alipita mlango wa mbele, nami nikiwa nimeshika suruali yake. Wanawake wa mabaraza mengine walipotuona tunakimbia hawakuuliza. Wakachukua makopo yao wakatufuata. Kufumba na kufumbua tulikuwa foleni nzima mbele ya duka lililofungwa, na Landrova ya wanajeshi ikasimama mbele yetu.

Nakumbuka ukimya ule kuliko kitu kingine chochote. Hata makopo hayakugongana. Baba alikuwa na futi yake ya kupimia nguo shingoni, imening'inia kama kawaida, na yeyote mwenye macho angejua kazi yake. Nnaalongo akaja akihema. Alijipenyeza kwenye foleni kando ya Baba, akaivuta futi polepole, akaisokomeza ndani ya mshipi wa gauni lake refu la gomesi.

Mwanajeshi mmoja alishuka. "Nyinyi nangoja nini hapa?"

"Sukari, afande," Mama akajibu.

"Iko wapi fundi ya Kenya?"

Hakuna aliyejibu. Watu wote wale walikuwa wamevaa nguo zilizopita mikononi mwa Baba. Mwanajeshi akatembea hadi kwake. "Wewe. Jina yako nani?"

Baba alilitazama kopo lake. Kiganda chake kilikuwa cha kununulia ndizi tu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno. Neno moja lingetosha kumfichua. Mama alinibana mkono ili nisije nikamwita.

"Afande, huyo bwana yangu," Nnaalongo akasema. "Masikio yake ilikufa. Fundi alienda kwao zamani."

Ssaalongo, mume wake halisi, alikuwa hatua chache nyuma yetu. Akainamisha kichwa.

Mwanajeshi alitazama foleni, akatazama duka lililofungwa. "Na sukari? Kweli iko?"

"Wanasema imeshuka Busega," Nnaalongo akajibu.

Wakapanda gari wakaelekea Busega. Nao walikuwa na makopo yao, nadhani. Mara nyingi huwaza watu wa Busega walivyoshtuka.

Jioni Ssaalongo alikuja kwetu na uso wa hasira za uongo. "Fundi, kama wewe ndiye bwana wa mke wangu, mimi leo nalala wapi?" Tulicheka mpaka Baba akaanza kulia, na hapo tukaacha kucheka. Kesho yake aliondoka kabla hatujaamka. Cherehani ilibaki imefunikwa shuka mpaka vita vilivyouangusha utawala ule vilipokwisha naye akarudi. Katika muda huo wote, mji mzima uliokuwa ukijua kila kitu haukuuliza aliko. Futi aliikuta kwa Nnaalongo, imekunjwa. Tangu siku hiyo hadi alipofariki, nyumbani kwetu sukari iliitwa askari. "Niongezee askari kidogo," alisema, na Mama akamimina.

Sasa nina shahada na chumba cha kupanga karibu na soko la Kalerwe. Kelele haziishi. Upande wa pili wa ukuta wangu anaishi mtu ambaye nasikia kikohozi chake, redio yake, hata kijiko chake kikigonga kikombe. Wakija watu kumtafuta, sijui ningesema nini, kwa kuwa sijui hata jina lake. Naye akiulizwa habari zangu, sidhani ana la kuficha.

Juzi sukari iliniishia. Nilichukua kikombe nikaenda kusimama mbele ya mlango wake. Nikajiuliza nianze kwa Kiganda, Kiingereza au Kiswahili. Nikahofia Kiswahili kitamshtua, Kiingereza kitaonekana majivuno, Kiganda changu kitachekwa. Kwa ndani kijiko kilikuwa kikikoroga. Nikarudi chumbani kwangu, nikanywa chai kavu, isiyo na askari hata mmoja.