Matairi ya Mwalimu Tranter

Wendell Tranter alifundisha watu kuendesha gari mjini Victoria, kwenye kisiwa chetu cha pwani ya magharibi, kwa miaka thelathini na mmoja, na miaka yote hiyo theluji aliifundisha kwa maneno matupu. Lilikuwa somo la tisa. Aliegesha gari kando ya bahari, mvua ikinyesha taratibu, akamwambia mwanafunzi, "Sasa jifanye barabara imeganda." Mwanafunzi akajifanya. Wendell naye akajifanya, akashika kiti kwa mikono miwili na kutoa macho, kisha wote wawili wakaenda kunywa chai.

Kwetu hilo halikuwa kosa. Baridi ya Victoria ni baridi ya mvua na koti jepesi. Theluji huja siku mbili tatu kwa mwaka, na mwaka mwingine haiji kabisa. Ikija, shule zinafungwa, watu wazima wanapiga picha uani, na mambo yote yanasimama hadi itakapoyeyuka. Matairi ya theluji tunawaachia watu wa bara, wale wa ng'ambo ya milima, ambao tunawahurumia na kuwacheka kwa pumzi moja. Kila mwisho wa Februari, wao wakiwa bado wanafukua milango yao kwa koleo, sisi tunahesabu maua. Watu wanapita mitaani na daftari, wanahesabu yaliyochanua, na jumla inatangazwa ili ndugu zetu wa bara wasikie na kusaga meno. Mti mmoja wa mcheri unaandikwa maua laki nne, na hakuna anayeuliza nani alipanda juu kuhakikisha.

Kiongozi wa hesabu katika mtaa wa Larkhill alikuwa Wendell. Alikuwa mseja wa miaka sitini na mitatu, mrefu, mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko gari, na kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Ndiyo iliyomkutanisha na Stefania Romaniuk, mjane aliyehamia nyumba namba tisa kutoka Saskatoon, bara kabisa, ambako baridi huanza kabla watu hawajamaliza kuisema vibaya ile iliyopita. Alimkuta Wendell amepiga magoti mbele ya mlango wake.

"Unatafuta nini kwenye uwanja wangu, baba?"

"Nahesabu maua, mama."

"Kwani yamepotea?"

Wendell alipoteza hesabu, akaanza upya, akaipoteza tena. Kufikia kiangazi alikuwa akila kwake kila Jumapili, maandazi ya viazi yanayochemshwa na kumiminiwa siagi na vitunguu, na suruali zake zote zilikuwa zimeanza kumbana.

Septemba alimposa. Stefania alikuwa amekaa kwenye benchi la bustanini, Wendell amepiga goti, pete mkononi. Stefania hakuitazama pete. Alitazama nyuma ya bega lake, kwenye gari.

"Matairi yako ni ya majira gani?"

"Ya majira yote."

"Hayo ni ya majira yasiyohitaji tairi. Weka ya theluji, halafu uniulize tena."

"Stefania, mpenzi, hapa maua yanachanua Februari."

"Na mlimani je?"

Hapo alimshika pabaya. Dada yake Stefania, Olha, anakaa Duncan, na kwenda Duncan lazima upande mlima wa Malahat, ambako tangu Oktoba bango linaagiza matairi ya baridi, uwe unacheka watu wa bara au hucheki. Wendell alijitetea kwa kila alichonacho. Alisema mpira wa matairi hayo ni laini, kwenye lami yenye joto unalika kama kifutio. Stefania akasema theluji si hoja. Baridi ikishuka chini ya nyuzi saba tu, tairi la kawaida linakuwa gumu kama mkate wa juzi na halishiki kitu, hata kwenye mvua. Wendell akasema ni siku tatu tu kwa mwaka. Stefania akasema hata kuzaliwa ni siku moja.

Kisha akasema jambo lililomaliza ubishi. "Mimi nimengoja dirishani maisha yangu yote. Nimemngoja baba, nimemngoja mume wangu Orest, Mungu amrehemu, kila dhoruba nimesimama nikihesabu taa za magari. Sitaki kuolewa na dirisha jingine. Huna matairi, huna mke. Ndivyo ilivyo."

Novemba matairi yakafungwa. Stefania alikwenda mwenyewe kwa fundi, akazunguka gari akiwa amekunja mikono nyuma kama mkaguzi wa jeshi, akaangalia kila gurudumu, na ndipo aliponyoosha kidole kivishwe pete. Wendell alimvisha palepale, kwenye harufu ya mpira na mafuta machafu, na alisema baadaye kwamba hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Ila matairi yalikuwa na sauti. Kwenye lami kavu yalivuma, na jirani yake wa namba kumi na moja, Neville Birtwhistle, alikuwa fundi wa piano mstaafu.

"Mwalimu, gari lako linaimba noti ya fa," alisema siku ya kwanza. "Fa iliyoshuka kidogo. Ukiongeza mwendo kwenye kona nitakurekebishia."

Desemba ilikuwa mvua. Januari ilikuwa mvua na jua. Kila Wendell alipotoka nyumbani, Neville alisimama kwenye ua akiweka kiganja juu ya macho, akitafuta theluji kwenye upeo wa mbali. "Bado haijafika," alisema. "Lakini usikate tamaa." Wendell alicheka naye, akaingia ndani, akakaa na kununa kwa nusu saa. Binadamu anaweza kuvumilia mengi kwa ajili ya mapenzi, lakini kuchekwa kila asubuhi kabla ya kifungua kinywa ni mtihani.

Harusi ilipangwa Jumamosi ya mwisho ya Februari, saa tano asubuhi, katika kanisa dogo la Waukraini kule Duncan. Neville ndiye angekuwa msimamizi wa bwana harusi. Jumatatu Stefania akapanda mlima na pikapu yake kwenda kwa dada yake kuoka mkate wa harusi, ule mkubwa wenye ndege na maua ya unga juu yake, akamwacha mchumba wake peke yake na hesabu ya maua. Hapo ndipo shetani alipopata nafasi.

Jumanne jua liliwaka hadi watu wakavua sweta. Mcheri wa pembeni ulikuwa umefunika barabara kwa maua ya rangi ya waridi. Wendell alitoka na daftari lake, na Neville alikuwa akimngoja langoni.

"Nina swali la kiongozi wa hesabu," alisema. "Hayo matairi nayo yanahesabiwa? Au yatafuta hesabu ya mcheri wangu?"

"Neville, niache."

"Nakuacha. Ila mtu anayehesabu maua huku amevaa matairi ya theluji ni sawa na padri anayepiga ramli. Achague moja. Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Mimi. Na mke wangu ananisikiliza."

Wendell aliandika maua milioni kumi na moja siku ile. Lakini jioni alijifungia gereji, akatoa jeki, akayang'oa matairi yote manne pamoja na ringi zake, akarudisha yale ya majira yote. Ya theluji aliyapanga kwenye kona na kuyafunika turubai. Alijiambia atayarudisha asubuhi ya harusi, kwa heshima, halafu hakuna atakayejua. Jumatano aliendesha gari hadi dukani na halikuimba chochote. Alijisikia kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Ijumaa jioni Stefania alipiga simu.

"Matairi vipi?"

"Yako salama kabisa," alisema Wendell, na ni kweli, yalikuwa yamefunikwa vizuri sana.

Asubuhi ya Jumamosi aliamka kwa sababu ya ukimya. Alifungua pazia. Theluji ilikuwa imefika juu ya kifundo cha mguu na ilikuwa bado inaanguka, chembe kubwa zisizo na haraka. Maua ya manjano ya uani yalichungulia kwa juu kama watu waliozikwa hadi kidevuni. Hakuwaza maua hata kidogo.

Nje alisikia honi. Neville, katika suti yake ya msimamizi, alikuwa ameamua kuwasha gari lake mwenyewe ili liwe tayari. Gari lilikuwa linateremka kutoka kwake kinyumenyume, polepole mno, mwendo wa bibi kizee anayekwenda ibada, na Neville ndani yake ameshika usukani sawasawa kabisa na kuwasha taa ya kuashiria kushoto. Liliingia kwenye ua wa vichaka vya kamelia wa jirani, likazama humo hadi milangoni, maua yakamwagika juu ya kioo.

Neville alichomoka kwa dirisha la gari, akaja kwa miguu, ameshika tai yake.

"Mwalimu," alisema, "naomba radhi kwa yote niliyowahi kusema. Twende."

"Siwezi. Niliyatoa."

"Uliyatoa nini?"

"Matairi. Jumanne. Baada ya utani wako wa ramli."

Neville akavua koti.

Kazi iliyochukua nusu saa Jumanne, asubuhi ile ilichukua karibu saa mbili. Wendell alikuwa anaangusha spana, Neville alikuwa anamulika tochi kokote isipokuwa kwenye nati, na wote wawili walikuwa wanaiangalia saa ya ukutani kuliko gurudumu. Waliyaokota matairi kwenye turubai kama yalivyokuja mkononi na kuyakaza.

Kisha wakaondoka, na sasa mwalimu wa udereva wa miaka thelathini na mmoja akaendesha kwenye theluji kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Breki taratibu," alijisomea kwa sauti. "Usukani usiukurupushe. Acha nafasi."

"Hilo ni somo la ngapi?" aliuliza Neville, macho amefumba.

"La tisa."

"Ulilifanyia wapi mazoezi?"

"Kando ya bahari."

"Kwenye theluji?"

"Kwenye mvua. Halafu tunakwenda kunywa chai."

Neville alianza kusali. Chini ya Malahat magari ya mjini yalikuwa yamejaa kandokando ya barabara, yamegeuka kila upande, wenyewe wamesimama nje wakipiga picha. Gari la Wendell lilipita katikati yao na kupanda. Liliyumba, likateleza mkia mara mbili, lakini lilipanda, kwa mwendo ambao mtu wa baiskeli angeudharau. Wendell alikuwa analia kidogo na hakujua. Saa tano ilimkuta kileleni. Saa sita kasorobo waliingia uwanja wa kanisa.

Stefania alikuwa amesimama nje kwenye theluji, gauni jeupe, buti za mpira hadi magotini, koti la shemeji yake mabegani. Nyuma yake, mlangoni, kulikuwa na Olha amekumbatia mkate, padri, na kanisa zima likichungulia. Wendell alishuka amefungua mikono. Stefania alimpita. Alikwenda kwenye gari, akalizunguka, akainama, akafuta theluji pembeni mwa tairi kwa kiganja.

"Mishale," alisema.

"Mishale gani?"

"Tairi la theluji lina mshale unaoonyesha linakozungukia. Yako inaangalia nyuma. Yote minne. Matairi ya kulia yako kushoto."

"Ni yule fundi wa Novemba, shemeji," Neville aliwahi. "Kijana mzembe sana. Hata mimi nilimtilia shaka."

"Novemba ilikuwa inaangalia mbele. Niliikagua mwenyewe."

Wendell alimwangalia Neville, na Neville alikuwa anamkonyeza aendelee na huo uongo. Ulikuwa uongo mzuri, ungeweza kusimama. Ila mwanamke huyu alikuwa amesimama kwenye baridi kwa ajili yake, na Wendell aliona aibu hadi masikioni.

"Niliyatoa Jumanne," alisema. "Kwa sababu ya hesabu ya maua. Hapana, si maua. Nilichekwa, nikaona haya, nikayatoa. Na jana nikakudanganya kwenye simu. Leo asubuhi nilipoona theluji sikuuogopa mlima, Stefania. Nilikuona wewe umesimama dirishani."

Theluji iliendelea kuanguka juu ya mkate na Olha hakuufunika.

"Sikusimama dirishani," alisema Stefania mwishowe. "Nilisimama hapa. Pua imekufa ganzi." Aliifuta kwa mkono wa koti. "Vua hiyo suti, utaichafua. Neville, nenda kwenye pikapu yangu, jeki ziko mbili, na spana."

"Binti yangu," padri alisema kutoka mlangoni, "watu wamengoja karibu saa nzima. Na mimi nina ubatizo saa nane."

"Baba, gari hili halishuki mlima likiwa hivi. Mimi nitakuwa ndani yake."

Wendell alikuwa tayari amepiga magoti kwenye theluji, anapachika jeki, kabla maneno hayo hayajamwingia vizuri kichwani. Alipoyaelewa aliinua uso. Stefania alikuwa amekunja gauni na kuketi juu ya ndoo, anafungua nati za mbele kwa nguvu za mtu aliyekulia shambani. Padri alitazama saa yake, akavuta pumzi, akateremka ngazi na kitabu chake, waumini wakimfuata na miavuli. Alifika walipokuwa kwenye gurudumu la tatu. Wendell aliulizwa, akasema ndiyo mara tatu, ingawa moja ilitosha.

"Na wewe, Stefania, unamkubali Wendell awe mume wako?"

"Namkubali," alisema Stefania, bila kuinua kichwa. "Nipe hiyo nati."