Mkono wa Mizani

Mimi si mtaalamu, nisije nikaonekana najitia ujuzi. Mimi ni mwosha vyombo wa maabara. Huu mwaka wa kumi na nne naosha chupa na kuchemsha kwa mvuke takataka zenye damu kabla hazijatupwa, na nimesikia mengi kuliko waliosoma wanavyodhani. Mtu akikuona na brashi mkononi anadhani huna masikio. Sasa wale wanaopita wakisema yule mama alimpoteza mtoto wa mdogo wake kwa uzembe, waje hapa wakae niwaambie. Uzembe hakuwa nao hata kidogo. Mvivu angepeleka majibu kama yalivyotoka, na mtoto pengine angekuwa hai.

Tulimwita Mizani kwa sababu ya mkono wake. Kazi yake ilikuwa kunyonya majimaji ya damu kwa pipeti na kuyaangusha kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, tone kwa tone, na matone yote yalingane. Vijana wenye shahada zao walikuwa wanakuja kusimama nyuma yake wamtazame. Na mdomo alikuwa nao, nyie! Akimkuta mtu ameegemea meza ya kazi anamwambia, "Baba, hii meza si kitanda, au nyumbani umefukuzwa?" Tukicheka, anatugeukia na sisi.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa watoto wachanga. Mtoto akichanjwa, mwili wake unajifunza kutengeneza kingamwili, yaani silaha za kupigana na ugonjwa ule. Wakubwa wetu walitaka kujua silaha hizo zinadumu muda gani kwa watoto, na zile chembe nyeupe za damu zinazozitengeneza zinafanyaje kazi. Majimaji ya damu yalipimwa kwenye sahani. Chembe ziligandishwa kwenye tangi la baridi kali, zisubiri zamu yao. Kishimo chenye kingamwili kinageuka manjano, kisicho nazo kinabaki cheupe. Nilielewa hivyo tu, na inatosha.

Kulikuwa na sheria moja ambayo hata mimi naijua kwa moyo. Kishimo kikibaki cheupe mahali palipotakiwa rangi, usikimbilie kuishuku damu, shuku mkono wako kwanza. Labda umeruka kishimo, labda pipeti imenyonya hewa. Unaandika daftarini "kosa la mkono", na kesho yake unarudia. Kikitoka cheupe tena, unampelekea daktari mkuu wa utafiti siku hiyohiyo, maana huenda mtoto huyo hana kinga kabisa. Na mtoto wa namna hiyo ana dawa: anatundikiwa dripu ya kingamwili za watu wengine kila mwezi, anakua kama wenzake. Unarudia mara moja, basi. Mizani mwenyewe ndiye aliyewafundisha vijana sheria hiyo, na aliyeivunja alimkoma.

Watoto walikuja kwetu kama namba, majina yalibaki kliniki. Ila namba moja Mizani aliijua. Mdogo wake alikuwa amepata mtoto wa kiume baada ya mimba mbili kuharibika, na Mizani ndiye aliyemshawishi amlete kwenye utafiti. "Mlete," alimwambia, "mwanetu atatazamwa na madaktari wazuri." Siku ya damu alimpakata mwenyewe, akabandika namba kwenye chupa mwenyewe. Yeye hakujaliwa mtoto. Picha za yule mpwa wake alituonyesha kwenye simu mpaka tukawa tunamkwepa: mtoto anatambaa, mtoto amemvua mama mkubwa miwani, mtoto amekaa ndani ya beseni. Alimpenda, acheni.

Asubuhi moja nilikuwa nakusanya takataka, nikamwona ameinua sahani kwenye mwanga wa dirisha. Manjano tele, isipokuwa vishimo vinne vya mtoto mmoja, vyeupe kama maji ya bomba. Akaangalia orodha ya namba. Akakaa kwenye kiti polepole.

"Leo mkono umenisaliti," aliniambia.

Nikamtania kwamba hata Mizani anazeeka. Akaandika daftarini, na mimi sikufikiria lolote.

Kesho yake akarudia. Vyeupe vilevile. Nikategemea aende mlango wa pili kwa daktari mkuu, kama sheria inavyosema. Badala yake akafungua daftari akaandika: kosa la mkono, kurudiwa kwa boksi jipya la dawa za kupimia. Boksi jipya halikuwepo. Lilikuwa linaagizwa mbali, wiki tatu.

"Dada, si mara mbili tu?" nikamuuliza.

"Boksi hili limeharibika."

"Mbona wale wengine wote ni manjano?"

"Wewe osha vyombo."

Nami nikaenda kuosha vyombo. Sikujua ni namba ya nani, lakini sheria niliijua, na nilinyamaza. Hilo nitalibeba mpaka naingia kaburini.

Mchana huohuo simu yake iliita. Alikuwa mdogo wake, na sauti ilitoka kubwa hata mimi nikasikia kwenye karo. "Dada, sikio la mtoto linatoa usaha tena. Na usiku alichemka." Mizani akafumba macho. "Ni meno hayo," akasema. "Mpe maji, mfute na kitambaa, itatulia." Mtu amekula miaka ishirini juu ya damu za watoto, anasema meno! Nilidhani amechoka tu.

Wiki zile akaanza jambo ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Wenzake wakienda kula, yeye anachukua maji yenye rangi, anayaangusha kwenye sahani tupu, anapima uzito wa kila tone. Kumi, ishirini, thelathini. Yote sawasawa. Kila yakitoka sawa, anaanza upya kwa hasira, anabadilisha pipeti, anabadilisha kiti. Nilikuja kuelewa baadaye. Alikuwa anautafutia mkono wake kosa, apate kuamini kwamba mtoto ni mzima. Mkono ukakataa kukosea.

Wiki ya tatu mtoto alilazwa, nimonia. Mizani alipomwona ana mpira wa hewa puani, mbavu zinaingia ndani, ndipo alipotoka mbio akaja kwa daktari mkuu bila hata kuvua viatu vya barabarani. Nilikuwa napiga deki pale mlangoni.

"Kuna mtoto hana kinga," alisema. "Vishimo vyote vinne. Nimerudia."

"Umepima lini?" daktari akauliza.

Akaitaja tarehe. Daktari hakumfokea. Alinyanyua simu, akaanza kutafuta dripu hospitali moja baada ya nyingine. Ilipatikana siku iliyofuata, mtoto akatundikiwa, na siku ya pili yake akafa. Alikuwa amebakiza wiki tano atimize mwaka.

Baada ya mazishi daktari aliagiza chembe za mtoto yule zitolewe kwenye tangi zihesabiwe. Za aina ile inayotengeneza kingamwili haikupatikana hata moja. Alizaliwa hivyo. Miezi ya mwanzo alikuwa anaishi kwa kinga aliyopewa na mama yake akiwa tumboni, nayo ikaisha. Mizani alikuwa amesoma sawa tangu siku ya kwanza.

Mzazi ana haki ya kupewa majibu, ndivyo ilivyoandikwa kwenye makubaliano. Mdogo wake akaitwa. Daktari alimweleza kwa upole, akampa karatasi yenye majibu na tarehe za vipimo, naye akatoka nayo ukumbini anaisoma huku anatembea. Mizani alikuwa anamsubiri kwenye benchi. Mimi nilikuwa na ndoo yangu, nikakosa pa kwenda.

Mdogo wake akasimama, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Tarehe hii ya pili. Si ndiyo siku niliyokupigia kuhusu sikio?"

"Ndiyo," Mizani akasema.

"Ulikuwa umeshaona?"

"Nilikuwa nimeshaona. Asubuhi yake."

"Ukaniambia meno."

Mizani alikuwa analia bila sauti, mikono ameikalia. Mdogo wake, hana machozi hata tone, akauliza kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, ungesema?"

"Ningesema siku hiyohiyo."

Mdogo wake akakunja karatasi, akaitia kwenye mkoba, akapita. Nilimfuata nimfungulie geti. Mlinzi hakujua lolote, akamwuliza kama dada yake hamsindikizi leo.

"Sina dada hapa," akamjibu. "Nilikuja kuchukua majibu."