Alinipa ua moja la kiatu, mimi nikamuuliza la pili liko wapi

Wakuu, sogeeni kidogo. Hii story nimekaa nayo tangu miaka ya tisini na sitaongeza chumvi. Haihitaji.

Wakati huo nilikuwa nauza viatu vya mitumba Migori, court shoes za wamama. Zingine kwa bale zilikuja na maua mbele, yale ya klipu, unabana kwa kiatu na ukitaka unatoa.

Shida ni moja. Mara nyingi ua la mguu mmoja lilikuwa limepotea huko ng'ambo, na hakuna mama atanunua hivyo.

Nikaambiwa kuna dada Rangwe anaitwa Akinyi, anatengeneza.

Jameni, yule msichana alikuwa na mikono! Alifungua klipu moja nzee akaangalia vile imeundwa, basi. Kifungo cha koti, waya ya shaba, shanga kidogo, na kibanio cha nyuma anakunja mwenyewe na koleo. Weka yake kando ya ile ya ng'ambo, hutajua ni gani.

Nikawa naenda Rangwe kila wiki. Kusema ukweli, hata viatu vizima nilikuwa natoa ua moja kusudi nipate kazi ya kumpelekea. Msinicheke. Nilimpenda, na mdomo wangu uliouza viatu kutwa nzima ulikuwa unakufa mbele yake.

Siku moja akanipa ua ambalo sikuwa nimeagiza. Kifungo cha bluu, shanga zimepangwa pole pole. Hakuwahi kutengeneza zuri hivyo.

"Hii ni yako," akasema. "Mwenzake nimebaki nayo."

Na mimi na akili zangu za biashara: "Moja nitafanyia nini? Customer ako na miguu mbili. La pili liko wapi? Nipe pair kamili."

Nikamrudishia! Haki, nikamrudishia.

Alicheka kidogo, akaliweka kwa mkebe, akaendelea na kazi.

Nikapeleka viatu Osiri kwa wamama wa migodini, nikakaa huko miezi miwili. Kurudi Rangwe, kwa meza ya Akinyi namkuta shangazi yake anauza nyanya. Akaniambia Akinyi aliningoja akachoka, sasa ameolewa kisiwani Mfangano.

Nikamuuliza, sasa mbona hakuniambia kama ananitaka?

Akaniangalia kwa huruma. "Nyathina, mtoto wangu, sisi wa Sabato hatuvai pete. Ulitaka akupe nini?"

Wakuu, mimi ni Mkatoliki. Nilikuwa bado nawaza pete.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akikupa kitu hukuagiza, wachana na customer, muulize amemaanisha nini. Muulize hapo hapo.

Nimezeeka na bado namkosa, nasema wazi. Nikiwa Mbita, boti ya Mfangano ikifika, wamama wakianza kushuka naangalia miguu kabla ya uso, nikitafuta ua la bluu.

Haya, nani mwingine humu alipewa moyo akarudisha akidhani ni bidhaa? Mwageni, hata matusi nitasoma.