Nguo za Mtu Aliye Hai

Mume wangu alirudi nyumbani akiwa hai, lakini shati kavu la kuvaa hakuwa nalo, kwa sababu tulikuwa tumeyagawa yote. Nimeanzia hapo kwa makusudi. Watu wakisimulia mafuriko yale hupenda kuanza na mvua, na mimi mvua ile imenichosha hata kuitaja.

Tulikuwa tunakaa Garsen, kwenye kiinuko nyuma ya maduka, na tulifuga punda wa kazi. Walileta maji kutoka mtoni asubuhi, wakabeba mahindi na kuni za watu, na mwalimu akihamishwa wakabeba godoro lake. Walibeba kwa shogi, yale makapu mawili ya miaa yaliyoungana, yanayokaa mgongoni mwa punda na kuninginia ubavuni huku na huku. Mashogi yetu yote niliyashona mimi, na pindo zake nilizizungushia vipande vya leso ya buluu iliyochakaa, ili mtu asije akatwaa letu na kusema ni lake. Nilikuwa mkali kwa mashogi yangu. Mume wangu alikuwa akisema kwamba punda akipotea nitanuna, lakini shogi likipotea nitahama nyumba.

Wafanyakazi wetu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Muorma, mtu mzima aliyemalizikiwa na ng'ombe wake katika ukame, akaja kuwatunza punda wetu na kujenga kibanda chake kando ya zizi pamoja na mkewe. Wa pili alikuwa Mgiriama mwenye maneno mengi, asiyejua kupita mbele ya mtu bila kumtania. Mume wangu alikuwa kati yao, Mpokomo kama mimi, mtu wa maneno machache. Zizi letu lilikuwa hivyo, mmoja anaimbia punda kwa Kiorma, mwingine anawasimanga kwa Kigiriama, na mume wangu anafunga kamba kimya.

Mwaka ule wa mvua ambayo kila mtu aliiita elnino, hata bibi zetu waliokuwa hawajui ni nini, barabara ilikatika na malori yakaacha kuja. Maduka yakabaki na kiberiti na sabuni. Kukaja habari kwamba Tarasaa kuna unga, kwa kuwa lori moja lilifika kutoka Malindi kabla ya njia kufungwa. Siku hiyo mvua ilikuwa imepumzika na jua limetoka. Mume wangu na wafanyakazi wetu wakawatia punda wote mashogi, wakaenda. Mke wa Muorma na mimi tuliwasindikiza hadi mwisho wa kiinuko, kila mmoja na lake kichwani. Mimi nilikuwa nawaza tu kama unga utalowa.

Unga waliupata. Siku waliyotarajiwa kurudi, baada ya adhuhuri, ikaja dhoruba ambayo sijaona nyingine mfano wake. Upepo ulibandua mabati ya paa la jirani na kuyatupa zizini kwetu, mahali ambapo punda husimama. Mvua ilipopungua, tulitazama upande wa Tarasaa tukaona maji. Mto ulikuwa umetoka na kulala juu ya bonde zima, na njia ambayo wangepita haikuonekana tena.

Tukangoja. Siku zikapita. Helikopta ilipita juu ikaenda zake. Nilikuwa bado nalia wakati huo, nalia kama mtu mwenye akili zake, na usiku sipati usingizi.

Kisha watu wa mtumbwi wakaja kutoka upande wa Golbanti na shogi. Walilikuta limekwama kwenye matawi, wakaliweka mbele yangu. Niliona pindo ya buluu. Niliona hata pale nilipokosea mshono nikarudia.

Lazima nieleze shogi lile lilituambia nini, maana mtu wa mahali pengine angesema ni kikapu tu kimechukuliwa na maji. Kwetu hakuna anayemvua punda shogi njiani. Ukishampakia unampakulia nyumbani, hata mvua inyeshe vipi, kwa kuwa kumpakia upya punda aliyechoka ni vita. Kwa hiyo shogi likiwa majini, punda yuko majini. Na kila mtu Garsen aliwajua wanaume wale watatu, kwamba hakuna hata mmoja ambaye angemwachia punda kamba ajiokoe peke yake. Hesabu yetu watu wa mto ilikuwa fupi, na sote tulipata jibu moja.

Mama mkwe wangu alipiga ukemi mmoja tu, kisha akaanza kutoa amri. Mikeka ikatandikwa, sufuria kubwa za kanisa zikaletwa, wanawake wakaja kila mmoja na kuni zake zilizolowa. Matanga yakakaliwa bila maiti. Ndugu walikuja kwa mitumbwi kutoka Golbanti, na mmoja, shemeji yangu, alifika kutoka Kipini sijui kwa njia gani. Mimi nilikaa mahali nilipokalishwa. Machozi yalikuwa yamekatika tangu nilipoliona shogi. Watu walidhani nimejikaza, wakanisifu. Sikuwa nimejikaza. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ila ni mwili mzima.

Mke wa Muorma hakuja mkekani. Alikaa mlangoni mwa kibanda chake, na kila asubuhi alikamua mbuzi wake na kuweka maziwa ya mumewe kwenye kibuyu. Yakigandia huko anamwaga, anaosha, anaweka mengine. Mama mkwe alimwendea akamwambia aje akae na wenzake. Akajibu kwa Kiswahili chake, "Nyinyi lieni wenu. Wangu bado iko njiani." Mama mkwe alirudi akisema huyo mama amerukwa na akili. Mimi wala sikumwonea huruma wala sikumwonea wivu.

Kwa desturi yetu nguo za marehemu hugawiwa jamaa, na hugawiwa baadaye, watu wakishatulia. Lakini wenye mitumbwi walisema maji yatapanda tena na wakichelewa hawatapita, na wakienda hawajui watarudi lini. Mama mkwe akaamua zigawiwe kabla hawajaondoka. "Zitaoza bure humu," akasema, na kweli kila kitu ndani kilikuwa kinaota ukungu. Nilizitoa mimi mwenyewe, nikazikunjua moja moja. Shati la Krismasi lilikwenda kwa shemeji wa Kipini. Koti likaenda Golbanti. Suruali za kazi zilichukuliwa na binamu ambaye zilimpita urefu, akazikunja pale pale kuona itakuwaje. Mama mkwe alichukua kikoi. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, utabaki na ipi?"

"Mimi sitaki kitu, mama," nikasema.

Akanifuta uso kwa leso yake, ingawa ulikuwa mkavu.

Walirudi kesho yake, mchana, wote watatu, na punda wote. Mitumbwi ilikuwa haijamaliza kuondoka. Kwanza tulisikia mke wa Muorma akiita, halafu tukaona punda wanapanda kiinuko, wamepakwa tope hadi masikioni, na nyuma yao watu watatu wa rangi moja na punda. Wanawake walitawanyika, wengine wakipiga vigelegele, wengine wakikimbia kwa hofu. Mama mkwe alikaa chini matopeni. Mke wa Muorma hakumkumbatia mumewe. Alimpa kibuyu, naye mume akanywa amesimama.

Mume wangu alikuja hadi mbele yangu akasema, "Nipe shati kavu."

Hilo ndilo neno lake la kwanza. Niliingia ndani nikatazama kamba ya nguo iliyokuwa tupu, nikatoka mikono mitupu. Alinitazama, akaitazama mikeka, sufuria, jamaa waliobaki. Akamwona binamu yake na suruali zilizokunjwa miguuni. Nilimwona akielewa, taratibu.

"Mmenigawa," akasema.

Kisha yule Mgiriama, midomo imempasuka kwa baridi, akasema, "Afadhali wewe una cha kugawa. Mimi wangenigawa mdomo," na watu wakacheka kwa nguvu kupita kiasi, na binamu akaanza kuvua suruali pale pale.

Yeye Mgiriama ndiye aliyetusimulia, maana mume wangu hakusimulia. Dhoruba iliwakuta bondeni, kwenye njia ya mkato. Maji yalikuwa yanakuja mbele na wao walitaka kuvuka kabla hayajajaa. Punda wakagoma. Waliwapiga, wakawavuta, wakawapiga tena, na hakuna hata mmoja aliyetia kwato majini. Ilibidi wapande nao kwenye tuta la udongo lililobaki kutoka mashamba ya zamani ya mpunga. Muda si mrefu, pale walipotaka kuvukia palikuwa mto. Walikaa juu ya tuta siku zote hizo, wanaume wamejibana katikati ya punda ili wapate joto, wakila unga mbichi uliokorogeka kwa mvua. Na kwa kuwa punda walikuwa wamesimama usiku na mchana bila pa kulala, waliwavua mashogi kuwapunguzia mzigo, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya njiani. Moja likachukuliwa na maji. Maji yalipopungua kidogo, punda wenyewe walitangulia kutafuta pa kukanyaga, na wao wakafuata.

Chakula cha matanga kilikuwa bado kiko jikoni. Mama mkwe alisema hakitupwi, kwa hiyo kikawa chakula cha shukrani. Ilikuwa mikeka ile ile, maharagwe yale yale, na watu wale wale walibaki walipokuwa wamekaa. Muorma aliswali kando ya zizi. Mhubiri wetu alisimama akashika Biblia, na nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba tutapata habari za punda wa Balaamu, yule aliyepigwa kwa kugoma njiani, kumbe amemwona malaika. Tukazipata, ndefu sana. Nilimwangalia punda wetu jike, yule mkubwa, ana alama za fimbo ubavuni, anakula majani bila kuonyesha kwamba ametajwa.

Kisha mhubiri akaniita nitoe ushuhuda. Nilisimama. Watu wakangoja. Mama mkwe alikuwa ananitikisia kichwa, kunihimiza, machozi yanamtiririka. Nilitafuta neno la kushukuru kama unavyotafuta kitu kwenye mkoba wako, unajua umekiweka, na mkono unagusa kitako cha mkoba tu. Nikakaa. Mhubiri akasema furaha imenizidi.

Haikuwa furaha. Nilimpikia, nikamsugua mgongo, nikalala karibu naye, na nilikuwa kama ninamhudumia mgeni anayefanana na mume wangu. Niliogopa sana jambo hilo, hata nikaanza kujiuliza kama nilimpenda siku zote au nilikuwa nimezoea tu. Wafanyakazi walipona, punda walipona, hata kuku wangu walipona, na kila aliyepita njiani aliniambia, "Mungu amekupenda, mama." Nilikuwa naitikia. Wengine walipoteza watu siku ile, na wangetoa chochote wapate nilichopata mimi nikashindwa kukihisi. Niliona haya kukutana nao kisimani.

Nguo zikawa zinarudi. Wa Golbanti walileta koti maji yalipopungua, limefuliwa na kupigwa pasi kuliko nilivyowahi kulipiga mimi. Shati la Krismasi ndilo lililochelewa, lilikwenda hadi Kipini na kurudi, na lilipofika lilikuwa linanuka samaki. Mume wangu alilivaa hivyo hivyo. Alikuwa ameanza kuona mchezo katika jambo lile. Kila nguo ikirudi aliuliza ilikuwa kwa nani, akakumbuka na kutikisa kichwa.

Siku shati lile liliporudi nilikuwa nimekaa kivulini kando ya zizi nashona shogi jipya. Akaja akakaa, akashika upande wa pili ili miaa isinikimbie.

"Na wewe?" akaniuliza. "Wewe ulichukua ipi?"

"Sikuchukua."

"Basi wewe ulikuwa unaningoja," akasema, na uso wake ukalainika.

Angeniuliza mtu mwingine ningeitikia tu, kama nilivyowaitikia wa njiani. "Hapana, mume wangu," nikamwambia. "Mama aliponiuliza nataka ipi, niliona nguo tu. Sikukungoja. Hata uliporudi sikuhisi kitu. Mpaka leo sijashukuru."

Nilishona mishono kadhaa bila kumtazama.

"Kule tutani," akasema, "mvua ilipokatika, Muorma alimshukuru Mungu, na huyu mwenye mdomo akalia kwa sauti. Mimi hakuna kilichonijia. Nilikuwa nawaza shogi lako lililokwenda na maji. Nikawaza, huyu mama leo atahama nyumba."

Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu walipoondoka. Nilidhani nitacheka kidogo niendelee na kazi, lakini kicheko hakikukubali kusimama, kikageuka kilio, na kilio kile kilikuwa na sauti ambayo sikuijua. Sindano iliniponyoka. Mume wangu alinishika mabega, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nikasikia uzito wa mikono yake, na ile harufu ya samaki, na ya punda, na ya kwake mwenyewe.

Mama mkwe alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, kikoi cha mwanawe kiunoni, kwa maana hicho hakukirudisha.

"Nani amekufa?" akauliza. "Nani tena amekufa?"

"Hakuna, mama," nikamwambia. "Hakuna aliyekufa."

Nikasema tena, kwa kuwa mara ya kwanza sikuwa nimejisikia mwenyewe.